Jinsi ya Kuendesha Mpango wa Ushauri Nasaha Katika Shule ya Msingi: Mwongozo Kamili

Shule nyingi zinapoanzisha huduma ya ushauri nasaha, mteja wa kwanza huwa mtoto aliyepigana. Analetwa kwa mnasihi akiwa bado anahema, mwalimu nyuma yake, na agizo ni moja: "Zungumza naye abadilike." Siku chache baadaye analetwa mwingine aliyetukana. Muhula ukiisha, watoto wote wameshajua kwamba chumba kile ni cha wakosaji, na yule binti wa darasa la tatu aliyeacha kula mchana tangu baba yake aondoke nyumbani hathubutu kukanyaga pale.

Mwongozo huu ni wa mnasihi wa shule, au mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo, anayeshughulika na watoto wa takribani miaka 6 hadi 12. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mpango wa ushauri nasaha ni wa watoto wote wa shule, na ubora wake unaonekana kwa namna unavyomfikia mtoto asiyemsumbua mtu yeyote. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya 1: Elewaneni na uongozi kabla ya kumwona mtoto hata mmoja

Kaa na mwalimu mkuu muandike ukurasa mmoja unaosema mnasihi anafanya nini na hafanyi nini. Mambo matatu yasikosekane.

La kwanza, mnasihi hatoi adhabu, wala hatumwi kumhoji mtoto ili apatikane aliyeiba kalamu. Mtoto aliyevunja kanuni anaweza kuadhibiwa na mwenye mamlaka hayo kisha akaja kwako, ila kuja kwako kusiwe sehemu ya adhabu.

La pili ni muda. Chama cha wanasihi wa shule cha Marekani kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250, na kwamba asilimia 80 au zaidi ya muda wake iende kwenye huduma za wanafunzi, iwe ana kwa ana nao au kupitia wazazi na walimu wao. Shule nyingi duniani ziko mbali mno na uwiano huo. Kama wewe ni mwalimu mwenye vipindi vyako, omba saa maalumu za ushauri ziingizwe kwenye ratiba ya shule, zibandikwe ukutani kama kipindi kingine chochote. Saa isiyo kwenye ratiba italiwa na usimamizi wa mitihani na kuziba nafasi za walimu wasiofika. Na kama inawezekana, mtoto wa darasa lako mwenyewe ashughulikiwe na mwenzako, kwa sababu ni vigumu kumwambia siri mtu atakayesahihisha daftari lako jioni.

La tatu ni utaratibu wa ulinzi wa mtoto. Nani anaarifiwa mtoto akisema anapigwa au anaguswa vibaya? Kwa simu ipi? Sheria ya nchi inakupa muda gani wa kutoa taarifa? Majibu haya yaandikwe na yajulikane kabla hujafungua mlango. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unatoa msingi mzuri wa ukurasa huu: ibara ya 3 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, ya 12 inampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na ya 19 inataka alindwe dhidi ya ukatili wa kila aina.

Hatua ya 2: Isome shule yako

Usipange huduma kwa kubahatisha. Anza na kile ambacho shule tayari inacho: daftari la mahudhurio, kumbukumbu za wanaochelewa, orodha ya wanaokwenda kupata huduma ya kwanza, mtiririko wa alama. Mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo au zaidi anastahili kuulizwa habari zake, hata kama kila kukosa kulikuwa na sababu iliyoandikwa. Mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi na kupona kabla ya mchana naye ana jambo la kusema, na huenda tumbo linamuuma kweli, maana hofu ya mtoto hukaa mwilini.

Kisha nenda kwa walimu wa darasa na zoezi ninalolipenda kuliko yote. Mwombe mwalimu aandike majina ya wanafunzi wake bila kutazama daftari. Mkimaliza, linganisheni na orodha kamili. Majina yaliyokuja mwisho, na yale yaliyosahaulika kabisa, yaweke kando na uanze nayo. Watoto hao hawajawahi kupelekwa kwa mtu yeyote.

Watoto wenyewe pia waulizwe. Wakubwa wanaweza kujaza maswali mafupi. Wadogo wape ramani rahisi ya shule wapake kijani mahali wanapojisikia salama na nyekundu mahali wanapoogopa. Madarasa matatu yakipaka nyekundu njia ya kuelekea vyooni, umepata kazi ya kwanza, na utatuzi wake ni mtu mzima kusimama pale wakati wa mapumziko. Hapo hakuna ushauri nasaha utakaosaidia kuliko hilo.

Ukihitaji kipimo rasmi, kuna dodoso la nguvu na changamoto za mtoto lililoandaliwa na Robert Goodman mwaka 1997. Lina maswali 25, hujazwa na mzazi au mwalimu, na mtoto anaweza kujijazia kuanzia miaka 11. Linakuonyesha nani aangaliwe kwa karibu. Halimpi mtoto jina la ugonjwa, na wewe usimpe.

Kutokana na yote hayo chagua malengo mawili au matatu ya mwaka, yawe ya kupimika. "Kuboresha nidhamu" halipimiki. "Watoto wa darasa la nne waliokuwa wakikosa shule mara kwa mara wapungue kwa nusu ifikapo muhula wa tatu" linapimika.

Hatua ya 3: Gawa huduma katika ngazi tatu

Mfumo unaotumika katika shule nyingi hugawa msaada kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni kwa watoto wote: vipindi vya darasani na mazingira salama. Ya pili ni kwa wanaohitaji nyongeza, kama asilimia 15, na mara nyingi hupewa kupitia vikundi vidogo. Ya tatu ni kwa wachache, kama asilimia 5, wanaohitaji mazungumzo ya mtu mmoja mmoja na mara nyingine rufaa kwa mtaalamu wa nje. Asilimia hizi ni za kukadiria tu. Ila ukiona nusu ya darasa imejaa kwenye ngazi ya tatu, acha kuwatazama watoto mmoja mmoja na ulitazame darasa: pengine kuna mwalimu anayedhalilisha, au uonevu uliozoeleka.

Hatua ya 4: Ingia madarasani

Kila darasa likuone mara kwa mara, hata kama ni mara moja kila wiki mbili. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa wadogo. Wakubwa wanaweza kukaa hadi 40. Hapa ndipo mtoto anapoizoea sura yako bila kulazimika kuwa na tatizo.

Mada za msingi ni kutaja hisia, kutuliza mwili wakati wa hasira, urafiki, kuomba msaada, uonevu na usalama wa mwili. Usihubiri. Mtoto wa miaka saba hatajifunza kudhibiti hasira kwa kuambiwa hasira ni mbaya, na kwa kweli si mbaya. Mwonyeshe: pumua ndani taratibu ukihesabu hadi nne, toa nje taratibu zaidi, rudia mara kadhaa huku mkono ukiwa tumboni. Fanyeni mkiwa watulivu, siku baada ya siku, ili siku ya hasira mwili ukumbuke.

Katika uonevu, wafundishe watoto na walimu kuutofautisha na ugomvi. Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi kubwa ya awali kuhusu jambo hili nchini Norway, aliueleza kwa alama tatu: unakusudiwa, unarudiwa, na una tofauti ya nguvu kati ya anayeonea na anayeonewa. Alama hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Watoto wawili wenye nguvu sawa waliogombana wanaweza kukalishwa pamoja wapatane. Ukimkalisha aliyeonewa mbele ya mwonevu wake na kumtaka ampe mkono, umemtia hofu mara ya pili, na safari hii kwa baraka za shule. Waone kila mmoja peke yake.

Katika usalama wa mwili, tumia majina sahihi ya viungo, fundisha tofauti ya siri mbaya na jambo la kushtukiza lenye furaha, na kila mtoto ataje watu wazima watano anaoweza kuwaambia. Wa kwanza asipomsikiliza, aende kwa wa pili. Wazazi waarifiwe mapema kuhusu kipindi hiki.

Mwisho wa kila kipindi gawa vikaratasi. Kila mtoto aandike jina lake na kuweka alama kwenye mojawapo ya mistari mitatu: niko sawa, ningependa kuongea na wewe, ningependa uongee na rafiki yangu. Wanaoongeza sentensi au mchoro wakaribishwe. Kwa kuwa wote wanaandika kwa wakati mmoja na wote wanakunja karatasi, hakuna anayeonekana kuwa ndiye aliyeomba msaada. Katika mbinu zote za mwongozo huu, hii ndiyo nafuu kuliko zote na ndiyo inayowaibua watoto wengi waliojificha. Sharti lake ni moja: ukiombwa, muite mtoto ndani ya siku mbili au tatu. Akisubiri mwezi mzima, hataandika tena.

Hatua ya 5: Vikundi vidogo

Chukua watoto wanne hadi sita, wenye umri unaokaribiana, kwa jambo moja mahususi: wanaoomboleza, wageni shuleni, wanaotatizika kupata marafiki, ambao wazazi wao wametengana. Kutaneni mara moja kwa wiki kwa wiki sita hadi nane, nusu saa hivi. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi na ya mtoto kwa mdomo. Kila wiki watoe kwenye kipindi tofauti cha masomo ili wasipoteze somo lilelile, na usiwanyime michezo wala mapumziko.

Usikusanye wavulana sita wakorofi katika kikundi kimoja. Uchunguzi wa Thomas Dishion na wenzake uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa vijana wenye mienendo ya ukaidi wakiwekwa pamoja wanaweza kufundishana na kusifiana, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Changanya: mwenye hasira akae na wenye uwezo mzuri wa kujizuia, na kikundi kiitwe jina lisilomtia yeyote doa.

Kwa kikundi cha maombolezo, neno la tahadhari. Watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka saba hivi, wengi wao hawajaelewa kwamba aliyekufa harudi. Sema "amekufa." Ukisema amelala, kuna mtoto atakayeogopa kulala, ukisema amesafiri, atasubiri arudi.

Hatua ya 6: Mazungumzo ya mtu mmoja mmoja

Chumba kisiwe cha anasa. Kinahitaji mlango unaofungika lakini wenye dirisha au kioo ili mnaonekana bila kusikika, viti viwili vinavyolingana kimo, karatasi, penseli za rangi, udongo wa kufinyanga, wanasesere wachache na picha za nyuso zenye hisia mbalimbali. Usikae nyuma ya meza.

Mwanzoni mweleze sheria ya siri kwa maneno anayoyaelewa. Mimi husema hivi: "Unayoniambia hapa sitawasimulia wenzako wala kuyatangaza. Lakini nikisikia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au unataka kumuumiza mwingine, nitamwambia mtu mzima wa kutusaidia. Na nitakueleza kabla ya kumwambia." Kisha mwombe arudie kwa maneno yake. Asipoweza kurudia, hajaelewa.

Mtoto wa umri huu hafikii hisia zake kwa kuulizwa anajisikiaje. Mpe kitu mikononi. Mwombe achore familia ikiwa inafanya jambo fulani, kisha mwache akusimulie mchoro. Usimtafsirie. Mtu aliyechorwa mdogo kando ya karatasi anaweza kuwa na maana nzito, au karatasi ilikuwa imejaa tu. Uliza, "Niambie kuhusu huyu." Wanasesere nao husaidia, kwa sababu mtoto asiyeweza kusema "naogopa" anaweza kusema kwamba mwanasesere anaogopa.

Epuka "kwa nini." Masikioni mwa mtoto swali hilo ni shutuma, na jibu lake ni kunyanyua mabega. Uliza nini kilitokea, halafu ikawaje, nani alikuwepo, mwilini ulihisi wapi. Na akikaa kimya, kaa naye. Endelea kupaka rangi karatasi yako mwenyewe. Watoto wengi wataongea mara tu unapoacha kuwatazama usoni.

Mbinu inayofaa sana shuleni ni ile ya kulenga suluhisho, iliyoasisiwa na Steve de Shazer na Insoo Kim Berg huko Milwaukee, Marekani. Muulize mtoto: "Kwenye ngazi hii ya 0 hadi 10, ambapo 10 ni siku nzuri kabisa shuleni, leo uko wapi?" Chora ngazi yenyewe. Akisema 3, usikimbilie kuuliza kwa nini si 8. Uliza kinachomfanya asiwe 0. Hapo atataja rafiki, mwalimu, paka wa nyumbani, na hayo ndiyo nguvu zake. Kisha uliza 4 ingekuwaje, kesho ataonekana akifanya nini tofauti. Mtoto anatoka na kitendo kimoja kidogo alichokichagua mwenyewe.

Baada ya mikutano minne hadi sita, pima. Akiwa ametulia, punguza taratibu. Kama bado hali ni ileile au inazidi, andaa rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Mnasihi wa shule si tabibu, na kuendelea kumshikilia mtoto aliyekuzidi uwezo ni kumchelewesha.

Hatua ya 7: Mtoto anapofichua ukatili au nia ya kujidhuru

Siku hii itafika. Jiandae nayo.

Mtoto akianza kusema, acha kila kitu usikilize. Usibadilike uso. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie unamwamini alivyosema, kwamba si kosa lake, na kwamba amefanya vyema kusema. Uliza machache tu, ya kumwacha aeleze, kama "Niambie kilichotokea." Usimtajie jina la mtu wala kumwekea kitendo mdomoni, maana swali la kuongoza linaweza kuharibu ushahidi. Kuchunguza ni kazi ya wenye mamlaka hiyo; yako ni kupokea na kutoa taarifa. Usimwite mtuhumiwa. Usimfanye mtoto arudie habari hiyo kwa mwalimu mkuu, kisha kwa mwalimu wa darasa, kisha kwa mzazi.

Baada ya hapo andika mara moja maneno aliyoyatumia mtoto, kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe na saa. Toa taarifa siku ileile kwa utaratibu mliouandika katika hatua ya kwanza. Kama anayetuhumiwa anaishi nyumbani kwa mtoto, usimpigie mzazi kabla ya kushauriana na mamlaka ya ulinzi wa watoto.

Mtoto akisema anataka kufa, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake hata dakika moja. Mlezi aitwe aje amchukue siku hiyohiyo, aelekezwe aondoe vitu vya hatari nyumbani, na mtoto afikishwe kwa mtaalamu wa afya. Umri mdogo usikufanye udhani anatania.

Hatua ya 8: Walimu na wazazi

Walimu wape fomu fupi ya kukuelekeza mtoto: kilichoonekana, tangu lini, kilichojaribiwa. Rudisha jibu kila mara, hata kama ni "nimemwona, tunaendelea, asante." Mwalimu asiyepata jibu huacha kuleta watoto. Yaliyosemwa chumbani yabaki chumbani; mwalimu anahitaji kujua la kufanya, mathalani kumkalisha mbele au kumwonya mapema kabla ya kumuita asome kwa sauti.

Kwa mzazi, simu ya kwanza iwe ya jambo jema. Mzazi ambaye shule humpigia tu kunapoharibika atapokea simu yako akiwa tayari kwa vita. Mkikutana, anza kwa kumuuliza yeye anamwonaje mtoto wake. Anamjua kuliko wewe.

Hatua ya 9: Kumbukumbu na tathmini

Hapa pafupi. Weka maelezo mafupi ya kila mkutano kwenye kabati linalofungwa, mbali na jalada la kawaida la mwanafunzi. Andika ulichokiona na kusikia, usiandike dhana.

Kupima mafanikio, rudi kwenye malengo ya hatua ya pili. Idadi ya watoto uliowaona inaeleza ulivyochoka tu. Linganisha mahudhurio ya kabla na baada, ramani za kijani na nyekundu za mwanzo na mwisho wa mwaka, namba walizotaja wenyewe kwenye ngazi ya 0 hadi 10. Na angalia jambo moja zaidi: kati ya watoto waliofika kwako, ni wangapi walikuja kwa hiari au kwa kikaratasi, na wangapi waliletwa kwa makosa? Kundi la kwanza likizidi kukua mwaka hadi mwaka, watoto wameshaacha kukiogopa chumba. Pelekea mwalimu mkuu ukurasa mmoja wa matokeo haya. Ndiyo hoja yako utakapoomba muda zaidi kwenye ratiba.

Hatua ya 10: Kufunga mwaka

Wiki nne kabla ya likizo usifungue jambo jipya zito na mtoto. Waambie watoto wa vikundi na wa mazungumzo kwamba mnakaribia kumaliza, hesabuni mikutano iliyobaki, na mkutano wa mwisho kila mmoja ataje alichojifunza na mtu mzima atakayemwendea likizoni. Kwa watoto ambao nyumbani ndiko kwenye hatari, hakikisha mamlaka husika inajua tarehe ya shule kufungwa.

Wanaohitimu kwenda shule ya juu watembezeni huko mapema ikiwezekana, na kwa idhini ya mzazi na mtoto, mpe mnasihi wa huko maelezo mafupi ya kinachomsaidia. Kisha wakabidhi walimu wa mwaka ujao ile orodha ya majina yaliyosahaulika, wayajue kabla ya siku ya kwanza ya muhula.